Afunge Mpaka Nije

Samaki wa baba alikuwa anazama kwenda juu.

Tumezoea kwamba anayezama huenda chini. Huyu Bonge, samaki wa dhahabu mwenye tumbo la mviringo kama chungwa na mkia uliogawanyika pande mbili, yeye alivutwa juu kama puto. Alipinduka chali, tumbo likatazama dari, mapezi yakawa yanapiga maji kama mikono ya mtu anayetaka kuinuka kitandani na mwili umemgomea. Akijikaza sana anafika katikati ya tangi. Anatulia hapo kidogo, halafu anapanda tena bila kupenda kwake. Ngozi ya tumbo iliyobaki nje ya maji ilishaanza kukauka na kuwa nyekundu.

Binti aliyaona hayo asubuhi, wakati yeye na shangazi yake wanamgeuza mgonjwa. Baba hakuweza kujigeuza mwenyewe tangu kiharusi kilipompitia upande wa kulia na kuondoka na sauti yake. Ilibidi ageuzwe kila mara, mara ubavu huu, mara ule, asije akatoka vidonda vya kulala. Kazi hiyo ilitaka watu wawili wanaoelewana: shangazi anashika bega, binti anashika nyonga, wanaangaliana, wanavuta pamoja. Tangi la samaki liliwekwa mbele ya kitanda kwa ushauri wa daktari, ili mgonjwa apate kitu kinachotembea cha kutazama. Kaka mtu ndiye aliyelinunua. Alilileta, akalisifia, akanywa chai, akaondoka. Na shangazi, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, akasema kijana amemleta samaki amshikie zamu.

Asubuhi hiyo baba hakutaka kugeuzwa. Macho yake yalikuwa kwenye tangi, na yote mawili yalikuwa na machozi.

"Baba, nitamwita fundi," binti alimnong'oneza, akimpangusa kwa ncha ya kanga. "Usilie. Nitamwita."

Kumwita fundi hakukuwa jambo jepesi, kwa sababu fundi wa samaki alikuwa ameshakatazwa kukanyaga nyumba ile.

Na tuseme ukweli, nyumba ile ilikuwa inampenda kabla ya kumkataza. Alikuja mara ya kwanza kwa ugonjwa huu huu wa Bonge, akiwa na ndoo mkononi na mpira wa maji umemzunguka shingoni, kijana mrefu asiyejua aweke wapi miguu yake. Shangazi akambatiza jina hapo hapo, Bwana Ndoo. Kazi yake ilikuwa kuhudumia matangi ya samaki katika ofisi na kwenye vyumba vya kusubiria vya hospitali. Wengine wangeyasema maelezo yao kwa wenye nyumba waliosimama. Yeye alivuta kigoda, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa, akamweleza yeye. Mzee, alimwambia, ndani ya samaki mna kibofu cha hewa, ndicho kinachomshika asizame wala asielee. Huyu wako ana tumbo fupi na nene, akila chakula kikavu kinachoelea anakimeza pamoja na hewa, kinavimba humo ndani, tumbo linakibana kibofu, basi anapoteza mizani. Hana dhambi. Ni umbo lake tu.

Kisha, akisubiri maji yapungue kwenye tangi, akasema, "Kitendawili."

"Tega," shangazi akaitikia kutoka jikoni, kwa mazoea tu.

"Anakula nguo kutwa nzima, wala hanenepi."

Macho ya baba yakaanza kutembea. Yakapita dirishani, yakapita juu ya kabati, yakafika kwenye kona alipokuwa binti ameweka cherehani yake, yakasimama hapo.

"Kapata," fundi akasema, kama vile ni jambo la kawaida kabisa. "Mzee, wewe ni hatari. Haya, hiki: kila mgeni anamshika mkono, naye haitikii salamu."

Kile kilimshinda. Fundi akadai apewe mji, kama ilivyo desturi ya mchezo, na shangazi akajibu kwa niaba ya kaka yake kwamba anapewa mji unaoitwa Jikoni, aende akaishi huko na masufuria yake ayasugue. Fundi akaenda kweli, akayasugua. Aliporudi na mikono imelowa alitoa jibu, kitasa cha mlango, na baba akatoa kwikwi kooni ambayo wote walijifanya hawakuisikia, wasije wakaishtua.

Binti alikuwa amesimama kwenye kabati akikunja mashuka. Tangu baba augue, watu wote walimwambia mambo. Wamwambie ni saa ya dawa, wamwambie leo kuna jua, wamwambie ajikaze. Huyu wa ndoo alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza. Shuka lile alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, na alipoinua macho alikuta fundi anamtazama, na mpira wa maji unamwagikia viatuni.

Hayo mengine hayana haja ya kusimuliwa kirefu kwa mtu aliyewahi kupenda. Bonge alipona, lakini fundi akaendelea kuja kumkagua. Binti alikuwa fundi wa nguo katika kiwanda kidogo cha sare za shule, naye fundi wa samaki, basi wakawa wanaitana Fundi kwa Fundi, na kila mmoja alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina la mtu mmoja tu duniani. Walikaa kwenye ngazi za nje jioni wakimenya vitunguu vya shangazi. Vilichukua muda mrefu mno, vitunguu vile.

Halafu ofisi zikaanza kuyafunga matangi yao, moja baada ya jingine, kwa kubana matumizi. Fundi akapata kazi mji wa mbali, kwenye mabwawa ya kuzalisha samaki wa mapambo, pamoja na nyumba ya kuishi. Alikuwa na mama na wadogo zake waliomtegemea, hakuwa na nafasi ya kukataa. Akamtuma mjomba wake na posa. Jibu alilitoa kaka mtu, kwa kuwa baba hasemi: dada haendi popote. Madaktari wameshakataza mgonjwa kusafirishwa, na shangazi mgongo wake si wa kumgeuza mtu peke yake. Anayempenda dada yake abaki hapa, na asiyeweza kubaki asije tena na ndoo yake. Mjomba aliaga kwa heshima. Shangazi hakusema neno, na hilo lilimuuma binti kuliko maneno ya kaka, maana alijua shangazi ameogopa. Ameogopa kubaki na bega peke yake, bila wa kushika nyonga.

Ndiyo maana asubuhi ile binti alipompigia fundi alitoka nje mpaka kwenye kamba ya nguo, akajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Hawakuongea ya moyoni. Alimweleza Bonge amepinduka tena, na baba analia. Fundi, ambaye alikuwa bado hajahama, akasema atapita jioni akitoka kazini, na kwamba asimpe samaki chakula mpaka atakapomwona. Binti akaenda kiwandani. Simu alimwachia shangazi nyumbani, kama siku zote, ili likitokea la kutokea aweze kumpata kaka.

Mchana simu ikalia. Shangazi aliona jina limeandikwa Fundi, akadhani ni mmoja wa mafundi wa kiwandani, akapokea. Sauti ilipomjia aliijua, na fundi naye akashtuka kumkuta yeye. Alikuwa barabarani, magari yanapiga honi, maneno yake yakatoka mbio mbio kama ya mtu aliyekamatwa. Alimwamkia, shikamoo shangazi. Akasema, "Mwambie leo siji, nimekwama. Afunge mpaka nije. Kesho mapema nitakuwa hapo."

"Afunge nini?" shangazi akauliza. Simu ilishakatika.

Sasa hapo ndipo Kiswahili chetu kilipomtega mama wa watu. Kichwani mwa fundi aliyetakiwa kufunga ni samaki, afunge kula, tumbo lipumzike. Lakini lugha yetu haitofautishi samaki na mwali, wote ni yeye tu. Na anayefunga anaweza kufunga kula, au mlango, au mdomo, au mizigo. Shangazi akakaa na lile neno mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo asiolijua kufuli lake. Akaingia chumbani kwa binti. Juu ya kitanda akakuta lile begi kubwa la zamani, lililokaa miaka juu ya kabati, limeshushwa, limefutwa vumbi, liko wazi. Binti alilishusha abebee vitambaa vya sare, kazi ilikuwa imezidi kiwandani na nyingine ilibidi ashonee nyumbani. Shangazi hakujua. Alichojua ni kwamba begi liko wazi, na kuna mtu amesema afunge mpaka aje, kesho mapema.

Akampigia kaka mtu, akilia.

Binti aliporudi jioni shangazi hakumwambia kitu. Alimtazama tu, akamwongezea chakula kwenye sahani kama mtu anayesafiri, akamtazama tena. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba fundi ameahirisha, binti akangojea. Alifagia ngazi zilizokwisha kufagiliwa. Giza likaingia, hakuna ndoo wala mwenye ndoo. Akajisemea moyoni kwamba hata kwa ajili ya samaki hataki kuja tena, basi yamekwisha kweli.

Shangazi naye, asiyejua katazo la fundi, kwa huruma akamnyunyizia Bonge chakula kikavu kiganja kizima. Samaki mgonjwa atapataje nguvu bila kula?

Asubuhi kaka mtu alikuwa amesimama mlangoni kabla jua halijashika ukuta. Alikuwa karani wa stoo, mtu nadhifu, aliyezoea kuhesabu vitu vikiingia na kutoka. Fundi alipotokea na ndoo yake na mfuko mdogo wa njegere, alimzuia kwa kifua. Alimwambia hatavuka hapo. Alimwambia ameingia nyumba ya mgonjwa kwa mlango wa huruma, akala, akachekewa, na sasa anataka kuiba mtu. Fundi aliuliza kwa upole nani ameibwa. Kaka akasema asijitie uchizi, wameshajua mpango mzima. Jirani wa upande wa pili akafungua dirisha lake ili apate hewa.

Kelele zikamleta binti mbio, sindano ya cherehani bado imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi.

"Kaka, kuna nini?"

"Uliza begi lako," kaka alisema. "Au bado hujamaliza kufunga?"

"Kufunga nini?"

"Usinifanye mtoto. Bwana wako kapiga simu jana, kamwagiza shangazi. Ufunge mpaka aje. Haya, kaja. Toka na mizigo yako, baba akuone ukitoka."

Binti akamgeukia fundi. Hakuelewa, na katika kutoelewa kule, kuna kitu kilimpanda usoni ambacho fundi alikiona na hakukisahau maisha yake yote. Kwa dakika ile moja aliamini. Aliamini kuna mtu amesema afunge mizigo anakuja kumchukua, na uso ukang'aa kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Kisha ukaingia kivuli.

"Shangazi," fundi akasema polepole, "mimi nilisema samaki."

"Samaki nani?" shangazi akauliza kutoka ndani.

"Bonge. Nilisema afunge. Asile. Tumbo lake lipumzike ndipo nimpe njegere zimsafishe." Akaunyanyua ule mfuko, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Nimeleta njegere, shangazi."

Shangazi akakitazama kiganja chake cha kulia, kile kilichonyunyiza chakula usiku, akakificha nyuma.

Ndipo wakaisikia sauti. Ilitoka chumbani, kwanza kama kikohozi, kisha kama gari bovu linalotaka kuwaka, kisha ikawaka. Baba alikuwa anacheka. Tangu augue hakuwahi. Kitanda kilitikisika, upande mmoja wa mdomo ukapanda na ule mwingine ukakataa, machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Shangazi aliyekuwa karibu naye akacheka huku akijifunika uso kwa upande wa kanga. Kaka mtu alijitahidi kubaki na hasira zake lakini zilimtoroka. Akaegemea mlango, mabega yanamcheza. Akampisha fundi apite, akampokea hata ndoo.

Laiti mambo yangeishia hapo. Kila mtu alikuwa mwema asubuhi ile. Shangazi aliomba radhi, akamwita fundi mwanangu, na akasema mwenyewe, mbele ya wote, kwamba alinyamaza siku ya posa kwa woga na sasa anausema ukweli: binti aende akaolewe, Mungu hatawatupa. Kaka akasema yeye atakuwa anakuja kusaidia. Kila siku, akasema, asubuhi na jioni. Alikunja mikono ya shati ili waone kwamba hatanii, na kwa kuwa saa ya kumgeuza mgonjwa ilikuwa imefika, alimwambia dada yake akae pembeni, leo ni zamu yake.

"Kaka, mara ya mwisho ulimgeuza lini?" binti aliuliza, si kwa ubaya.

Kaka akainama, akamshika baba mkono, ule wa kulia, uliokufa, akauvuta. Baba hakuwa na sauti ya kusema anaumia. Meno yake tu ndiyo yaliyosema. Shangazi upande wake alishatangulia kuvuta, hawakuangaliana, na kwa muda mfupi mzee akaning'inia katikati, hayuko ubavu huu wala ule. Binti alifika kabla hajajua kwamba ametembea. Aliingiza kiganja chini ya nyonga, akamtazama shangazi machoni, wakavuta pamoja. Baba akatua.

Kaka alibaki amesimama na mikono yake iliyokunjwa shati. Alisema atajifunza. Na pengine alimaanisha.

Fundi alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye tangi. Aligeuka haraka akaendelea na kazi. Alipunguza maji mpaka nusu, ili Bonge asiwe na safari ndefu ya kuhangaika juu na chini, akabandika utepe kwenye kioo kuonyesha mwisho wa maji. Alimpaka tumboni dawa ya ule wekundu. Kwa vile samaki alishalishwa usiku, alisema, njegere zingoje, mfungo unaanza leo upya. Mara hii alilitaja jina la samaki mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na shangazi akacheka tena, lakini peke yake.

Alipotoka kwenda kuosha ndoo kwenye bomba la nje, binti alimfuata. Walisimama maji yakitiririka katikati yao.

"Fundi," akasema.

"Naam, Fundi."

Fundi wa samaki ndiye aliyeendelea.

"Nikuulize kitu, na usinijibu kwa kunihurumia. Ingekuwa kweli. Ingekuwa kweli nimesema ufunge mizigo. Ungefunga?"

Binti alichomoa ile sindano kwenye ukosi wake, akaichomeka tena palepale.

"Ningefunga," alisema. "Ningefunga vizuri, hata uzi nisingesahau. Halafu ingefika saa ya kumgeuza baba, ningefungua."

Fundi akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea vipimo alivyokwisha kuvijua. Akafunga bomba.

"Basi niambie nikusubiri," akasema. "Niambie tu. Nitakwenda, nitafanya kazi, nitakusubiri."

"Unisubiri mpaka lini?"

Wote wawili walikuwa wameiona ile njia mpaka mwisho wake, na mwishoni mwake pana kitanda, kitupu, shuka limekunjwa. Hakukuwa na siku nyingine ya kumweka huru isipokuwa hiyo.

"Umeona," binti akasema. "Ukinisubiri mimi unamsubiri baba. Utapiga simu uniulize mzee anaendeleaje, na mimi nitajiuliza, huyu anataka nimjibu nini."

"Nampenda yule mzee, Fundi. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana sitaki ufike kumpimia siku zake. Wala mimi sitaki kufika huko. Nikikubali mtu anisubiri, nitaanza na mimi kusubiri, nimeshika nyonga ya baba yangu huku nasubiri." Akajifuta macho kwa kisigino cha kiganja. "Nenda, oa huko. Au usioe. Lakini usinisubiri."

Dirisha la jirani likafungwa, bila kelele. Ndani shangazi alikuwa anamwambia kaka mtu jinsi ya kupanga mito mgongoni mwa mgonjwa, na kaka anauliza, huu au huu.

Fundi alizungusha mpira wake wa maji, akauvika shingoni. Akachukua ndoo. Alimtazama kwa namna ambayo mtu huangalia chumba kabla ya kuzima taa, kona kwa kona, na binti akavumilia kutazamwa mpaka ikamshinda.

"Maji yasizidi wapi?" akauliza.

"Pale kwenye utepe."

"Na chakula kikavu?"

"Loweka kwanza mpaka kizame chini. Kikielea atakifuata juu, ameze hewa tena."

"Njegere je?"

"Akimaliza kufunga. Chemsha, menya ganda, ponda kidogo. Mpe kwa mkono, chini ya maji."

"Ganda lote nitoe?"

"Lote."

"Atanyooka?"

Fundi akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, hata kwa samaki. "Huenda," alisema. "Na huenda akabaki hivyo, ameinamia upande. Wapo wanaoishi hivyo miaka, wakiwa na mtu wa kuwasaidia."

"Anaumia?"

"Haumii. Anachoka tu."

Binti akaitikia kwa kichwa. Hayo yote alishayajua. Aliyajua tangu ugonjwa wa kwanza, alishayafanya kwa mikono yake mwenyewe, na utepe aliukata yeye fundi alipokuwa anatafuta mkasi. Fundi naye alijua kwamba anajua. Akapiga hatua kuelekea barabarani.

"Fundi," binti akaita. "La maji sijalishika vizuri. Rudia."

Akasimama. Akaiweka ndoo chini.

"Maji," akasema, na akaanza tena tangu mwanzo, polepole, neno kwa neno, naye akamsikiliza kama mtu ambaye hajawahi kumwona samaki.